Ndege ndogo kumshinda rubani wakati wa kutua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wanafunzi wa urubani na abiria wa ndege ndogo wanauliza sana, nimeyajibu kama ninavyoelezaga darasani kabla hatujatoka kwenda kwenye ndege. Nikisema ndege ndogo namaanisha kuanzia Cessna 172 ya watu wanne, Piper za aina zote, mpaka zile Caravan zinazopeleka watalii Serengeti na Maasai Mara. Namba nyingi humu ni za Cessna 172S kwa sababu ndo ndege wengi wanaanzia, ila kama unarusha nyingine fungua kitabu chake, usibebe namba zangu. Spidi nataja kwa noti, noti moja ni kama kilomita 1.85 kwa saa.

Ndege kumshinda rubani maana yake nini hasa?

Maana yake ndege inafanya kitu ambacho rubani hajataka ifanye na hana tena muda au nafasi ya kuirudisha. Injini inaweza kuwa nzima, mafuta yapo, nyaya zote za usukani ziko sawa, na bado ndege ikaenda inakotaka yenyewe. Wakati wa kutua inatokea kwa namna mbili. Kuna ile ya hewani, ndege inakosa spidi kwenye kona ya mwisho, bawa linaacha kubeba na ndege inaporomoka ikijizungusha, hiyo huwa inaua. Alafu kuna ile ya chini, ndege imeshagusa ranwei ila inadunda, inatoka pembeni, inageuka au inakita pua, na hapa mara nyingi watu wanatoka wazima ila ndege inaenda gereji miezi.

Kule Marekani bodi yao ya uchunguzi wa ajali, NTSB, mwaka 2015 waliiweka hii ya hewani kwenye orodha ya mambo ya usalama wanayotaka yashughulikiwe kwanza, kwa sababu kwenye ndege ndogo ndo inaongoza kwa ajali za vifo. Kwaiyo tusidhani ni shida ya wanafunzi tu, marubani wa miaka mingi wamo.

Kwanini itokee wakati wa kutua na sio huko juu?

Huko juu una spidi na una kimo. Ukikosea una futi 5,000 za kurekebisha, unashusha pua, ndege inapata spidi, maisha yanaendelea. Wakati wa kutua umevipunguza vyote viwili kwa makusudi maana huwezi kutua bila kuvipunguza, na hapohapo kazi zinaongezeka, redio inaongea, unashusha flapu (vile vibamba vya nyuma ya mabawa), unatafuta ndege iliyo mbele yako, unapima upepo, unaangalia ranwei. Kichwa kinajaa kipindi ambacho ndege haina akiba.

Ila kitu ninachotaka ukishike mapema ni hiki, karibu kila ndege niliyoona ikidunda vibaya au ikitoka nje ya ranwei, kutua kwake kulikuwa kumeshaharibika kabla haijagusa chini. Ilikuja na spidi kubwa, au ilikuja juu mno, au rubani aliona kabisa kwamba mambo hayajakaa sawa akaamua kulazimisha. Watu wanazungumzia ule mguso wakati habari yenyewe ilianza dakika moja nyuma.

Stoli ni nini? Ni injini kuzimika?

Hapana, na hili linachanganya sana watu waliozoea magari. Stoli ya ndege haihusiani na injini. Bawa linabeba ndege kwa sababu upepo unapita juu na chini yake vizuri, ukiinua bawa kupita kiasi dhidi ya upepo unaolijia, ule upepo wa juu unashindwa kufuata umbo la bawa, unavurugika, na bawa linapoteza nguvu ya kubeba. Inaweza kutokea injini ikiwa inanguruma mpaka mwisho. Na inaweza kutokea kwenye spidi yoyote ukivuta usukani kwa nguvu ya kutosha, hiyo namba ya kitabuni ni ya ndege iliyonyooka, yenye mzigo kamili, bila kona.

Kwa 172S namba hiyo ni noti 48 bila flapu na noti 40 flapu zikiwa zimeshuka zote. Kabla haijafika hapo kuna honi ya kukuonya. Kwenye Cessna 172 honi yenyewe ni kitu rahisi sana, kuna katundu kadogo kwenye ncha ya mbele ya bawa la kushoto, bawa likikaribia kustoli hewa inavutwa kutoka ndani ya hako katundu na inapitia kwenye kifilimbi kilichopo juu karibu na rubani. Haihitaji umeme. Ndo maana asubuhi kwenye ukaguzi utamuona mwanafunzi ameweka leso kwenye ukingo wa bawa anafyonza, anasikiliza kama inalia. Usiruke hiyo hatua kwa kuona aibu, na ukitua kawaida ukaisikia ikilia sekunde chache kabla ya kugusa chini hiyo ni dalili nzuri, ila ukiisikia kwenye kona shusha pua hapohapo, usisubiri kuelewa.

Hiyo kona ya mwisho inaua vipi?

Hapa ntakaa kidogo maana ndo penyewe.

Unakuja na beisi, yaani ule upande unaokatiza kabla hujageuka kuikabili ranwei, na kuna upepo unakusukuma kutoka nyuma. Unachelewa kugeuka, ukija kugeuka unaona ranwei inakupita pembeni. Kitu cha kwanza kichwani ni kulaza ndege zaidi ili igeuke haraka, ila uko chini, futi 500 hivi, na mwalimu amekukataza kulaza ndege sana ukiwa chini, kwaiyo unaogopa, badala yake unakanyaga pedali ya upande unaogeukia ili pua izunguke. Pua inazunguka kweli lakini inataka pia kushuka na bawa la ndani linataka kuzama, basi unavuta usukani ili pua isishuke na unaupinda kinyume ili bawa lisizame. Sasa angalia mikono na miguu yako, mguu unasema kushoto, mkono unasema kulia, na umevuta. Hivyo ndivyo wanafunzi wanavyofundishwa kuingiza ndege kwenye spini, yaani kule kuporomoka ikijizungusha, wakiwa futi 6,000 juu, wewe umeifanya kwenye futi 500 bila kujua.

Bawa la ndani linastoli la kwanza, ndege inabingirika upande huo na pua inaelekea chini. Kutoka kwenye spini kwa ndege kama 172 kunaweza kula futi 1,000 na zaidi hata kwa mtu anayejua anachofanya. Hesabu haitoki.

Na kona inapandisha ile spidi ya kustoli. Ukilaza ndege digrii 30 huku ukiivuta isipoteze kimo, inapanda kidogo tu, kama asilimia 8. Digrii 45 ni asilimia 19, yaani ile noti 48 inakuwa 57. Digrii 60 ni asilimia 41, inakuwa karibu noti 68. Sasa kama unakuja na noti 65 huna flapu, umelaza digrii 60 na unavuta, tayari umeshapita mstari na mita ya spidi bado inakuonyesha namba ambayo siku zote umeiona ni salama.

Dawa ni nyepesi kuitaja. Kona zako za karibu na ranwei ziwe digrii 30 mwisho, pua isizungushwe kwa miguu, na ukiona ranwei imekupita iache ipite. Nyoosha mabawa, ongeza nguvu, panda, zunguka uje tena. Ukizunguka na kurudi umetumia dakika sita na mafuta kidogo.

Nije na spidi gani basi? Si bora niwe na ya ziada kwa usalama?

Spidi ya kuja kutua kwa kanuni ya jumla ni kama ile ya kustoli mara 1.3, ila namba za kufuata ni za kitabu. Kwa 172 flapu zikiwa chini kitabu kinakupa kati ya noti 60 na 70, wengi tunashika 65 na kwa ranwei fupi 61. Kama upepo unakuja kwa vishindo unaongeza nusu ya tofauti, mfano upepo ni noti 10 na vishindo vinafika 20, unaongeza 5, basi.

Hiyo tabia ya kuongeza 10 za mwalimu, 5 za watoto nyumbani na 5 za kwako mwenyewe ndo inavunja matairi ya pua. Nguvu ya mwendo inakua kwa mraba wa spidi, ukija na 75 badala ya 65 umebeba nguvu ya ziada asilimia 33 ambayo lazima iishe mahali. Ndege ikifika karibu na ardhi, kimo cha kama urefu wa mabawa yake au chini ya hapo, ukinzani wa hewa unapungua, kwaiyo ndege inaelea. Inaelea inaelea na ranwei inaisha, rubani anaona inaisha, anaisukuma chini kwa nguvu, na hapo tairi la pua linagusa la kwanza.

Ikidunda nifanyeje?

Ikidunda kidogo, futi moja mbili, shikilia pua ilipo, tia nguvu kidogo ya injini kama spidi imeisha, iache ishuke tena yenyewe kwenye matairi makubwa. Ikidunda sana, ghairi, yaani ongeza nguvu, panda, uje tena. Kitu cha kutofanya ni kuifukuza. Ndege inapanda wewe unasukuma, inashuka kwa pua wewe unavuta, lakini mikono yako inachelewa kidogo nyuma ya ndege kwaiyo kila mdundo unakuwa mkubwa kuliko uliopita, na ule wa tatu ndo mara nyingi unavunja mguu wa pua, propela inakwangua lami na injini inabidi ifunguliwe yote maana imesimama ghafla ikiwa inazunguka.

Wakati mwingine uharibifu hauonekani kwa haraka. Kwenye Cessna 182, ambayo pua yake ni nzito kuliko ya 172, mafundi wakitoa kifuniko cha injini wanaanza kuangalia ule ukuta wa bati unaotenganisha injini na kokpiti, wakikuta umekunjamana pale chini mguu wa pua unaposhikilia wanajua kabisa kuna mtu alitua kwa pua na hakusema. Tafadhali sema. Anayefuata kuirusha hana habari.

Tofauti ya kutua Nairobi na kutua Zanzibar ni ipi?

Kubwa, na wanafunzi waliojifunzia pwani wanaiona siku ya kwanza. Uwanja wa Wilson uko futi 5,536 juu ya usawa wa bahari, Zanzibar uko karibu na maji kabisa. Hewa ya juu ni nyepesi, na joto linaifanya iwe nyepesi zaidi. Mchana Wilson ikiwa nyuzi 27, ndege inajisikia kama iko futi 8,000 na kidogo, maana kwa mwinuko ule hewa ya kawaida ingetakiwa kuwa nyuzi 4 hivi na kila nyuzi ya ziada inaongeza kama futi 120.

Kwa kutua maana yake nini? Mita ya spidi inakwambia 65, na unatakiwa kweli uishike 65, usiongeze, ila mwendo wako halisi dhidi ya ardhi kama hakuna upepo ni 73 au 74. Ardhi inapita haraka kuliko ulivyozoea. Rubani wa pwani anaona anakimbia mno, anavuta pua apunguze, na sasa kweli anakosa spidi. Amini mita, usiamini jinsi nyasi zinavyopita. Alafu ranwei unayotumia inaongezeka, na ukighairi injini haikupi kile ilichokupa Zanzibar, ndege inapanda kwa uvivu. Kwenye uwanja wa juu mchanganyiko wa mafuta na hewa uwe umeshapunguzwa kama kitabu kinavyosema kabla hujaingia kutua, kuna watu wanausukuma wote mbele kwa mazoea kama wako Malindi na injini inakabwa na mafuta siku wanapoihitaji.

Upepo wa ubavuni unahesabuje haraka?

Kama upepo uko digrii 30 kutoka uelekeo wa ranwei, nusu yake inakupiga ubavuni. Digrii 45, kama asilimia 70. Kuanzia 60 na kuendelea hesabu kama wote. Upepo wa noti 20 kwa digrii 30 ni noti 10 za ubavuni, hapo unajua uko wapi. Kwenye kitabu cha 172S utakuta noti 15, hicho ni kiwango kilichoonyeshwa kwenye majaribio ya kiwanda, sio mpaka wa kisheria, ila kama wewe mwenyewe hujawahi kuvuka 8 na mwalimu pembeni basi mpaka wako ni 8.

Namna ya kutua nayo iko hivi. Ukiwa fainali, yaani ule mstari wa mwisho ukiikabili ranwei, unaelekeza pua kidogo kule upepo unakotoka ili ndege isisukumwe nje ya mstari. Ukikaribia chini unanyoosha pua kwa pedali iangalie ranwei moja kwa moja, na hapohapo unalaza bawa la upande wa upepo ili usisukumwe. Unagusa na tairi moja, la upande wa upepo, alafu la pili, alafu la pua. Tairi moja kwanza inaonekana kama kosa kwa abiria lakini ndo sahihi kabisa.

Baada ya hapo watu wanapumua na kulegeza usukani, na hapa ndo ndege inawatoka. Kadri spidi inavyopungua ndivyo unavyotakiwa kuupinda usukani zaidi kuelekea upepo mpaka mwisho wake, maana aileroni, vile vibamba vya nchani mwa mabawa vinavyolaza ndege, zinapoteza nguvu wakati upepo wa nje haujapungua hata kidogo. Miguu inaendelea kucheza mpaka unaingia maegesho. Na kama pedali imefika mwisho hewani na pua bado haijanyooka, hiyo ranwei leo imekataa, tafuta nyingine. Wilson kuna mbili zinazokatizana, 07/25 na 14/32 (ni namba za uelekeo wake), viwanja vingi vya porini una moja tu kwaiyo lazima ujue mapema utaenda wapi ikishindikana.

Ndege za tairi la mkia kwanini zinaogopwa?

Super Cub, Cessna 180 na 185, Husky, hizi utaziona sana kwenye kazi za hifadhi maana zinatua sehemu mbaya na fupi. Tofauti ni kwamba uzito wake mkubwa umekaa nyuma ya matairi makubwa. Ni kama mkokoteni unaousukuma kinyumenyume, ukipinda kidogo unataka kupinda zaidi. Ikigusa chini ikiwa imekaa upande, mkia unataka kupita mbele ya pua, na usipoikamata mapema kwa pedali ndege inajizungusha yote, bawa la nje linakwangua ardhi na mguu unaweza kuvunjika. Kwenye ndege ya tairi la pua uzito uko mbele ya matairi makubwa kwaiyo ikigusa imepinda yenyewe inajaribu kunyooka, inakusamehe. Mi naona kila rubani angepata masaa machache kwenye tairi la mkia, hata kama hatazirusha tena, kwa sababu zinafundisha miguu.

Viwanja vya porini vina hatari gani za peke yake?

Wanyama. Utaratibu ni kupita chini kwanza juu ya uwanja, kuangalia pundamilia na nyumbu na kuwafukuza, alafu uzunguke uje kutua. Tatizo ni huko kuzunguka. Umepita chini, uko na spidi kidogo, unataka kuwahi kabla wanyama hawajarudi, unakata kona kali huku unageuza shingo kuangalia uwanja. Hiyo ni ileile kona niliyoieleza juu, safari hii bila mtu wa mnara kukuambia kitu. Ukishapita panda kwanza, urefu wa kawaida wa mzunguko, fanya mzunguko kamili. Wakirudi pita tena.

Alafu macho yanadanganya. Uwanja mwembamba unakufanya ujione uko juu sana, kwaiyo unashuka zaidi ya inavyotakiwa. Uwanja unaopanda mlima unafanya hivyohivyo. Ukiwa na vyote viwili pamoja unaweza kujikuta kwenye vichaka kabla ya ranwei. Na mvua ikinyesha, changarawe ikiwa chini yake kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, unaonekana mkavu juu kumbe tairi likigusa linashikwa. Piga simu kambini uulize mtu aliyetembea juu ya uwanja asubuhi hiyo, gari limepita au limekwama? Jibu la dereva wa kambi lina thamani kuliko picha ya wiki iliyopita.

Kughairi kutua si ndo salama? Mbona kuna watu wameanguka wakighairi?

Ni salama ukiifanya kwa mpangilio. Tarehe 9 Juni 2016 pale Houston, Marekani, uwanja wa Hobby ambao una ndege kubwa nyingi, Cirrus SR20 yenye watu 3 ilikuja kutua ikashindikana, ikapangwa upya katikati ya ndege za haraka, ikaja tena juu mno, ikaghairi tena. Kwenye jaribio la mwisho flapu zilipandishwa kabla ndege haijapata spidi ya kutosha, ikastoli, ikaingia spini na kuangukia gari lililoegeshwa nje ya duka. Wote 3 walifariki. NTSB walitaja utaratibu wa kughairi uliofanywa vibaya, wakataja pia uamuzi wa mwongozaji wa kuiacha kwenye mzunguko wa uwanja na maelekezo magumu kupita kiasi aliyopewa rubani wakati mbaya. Ndege ile ina parachuti ya kushusha ndege nzima, lakini parachuti inahitaji kimo ili ifunguke.

Ile ajali naifundisha kila mara kwa sababu inamhusu mtu aliyekuwa anajaribu kufanya kila alichoambiwa. Umechoka, sauti kwenye redio inakupa maelekezo mapya kila baada ya sekunde chache, na mkono unaenda kwenye flapu. Una haki ya kusema "subiri" kwenye redio. Una haki ya kuomba kutoka eneo la uwanja, ukapande futi 2,000 ukatulie, ukarudi ukiwa tayari.

Mpangilio wa 172S ni huu. Throtoli, ule mpini wa nguvu ya injini, yote mbele. Pua hapohapo inataka kupanda yenyewe kwa sababu ulikuwa umeirekebisha kwa spidi ndogo, isukume ishike mahali, na inataka kwenda kushoto kwa sababu ya nguvu ya propela, kanyaga kulia. Flapu zipande mpaka digrii 20 tu. Shika noti 60. Ikishaanza kupanda kweli, flapu 10, vizuizi vikishapita na spidi ikiwa 65 malizia zilizobaki. Redio mwishoni kabisa, mnara wanakuona.

Nitajuaje kwamba muda wa kughairi umefika?

Jiwekee mstari kabla hujapaa. Mi wanafunzi wangu nawaambia futi 300 juu ya ardhi, ukifika hapo spidi iwe ndani ya noti 5 za uliyopanga, ndege iko kwenye mstari wa katikati, flapu zimekaa, na huhitaji kona zaidi ya marekebisho madogo. Kimoja kikikosekana unaghairi bila mjadala, hata kama unaona ungeweza kukirekebisha, maana ni kweli mara nyingi ungeweza. Mstari wa pili ni ranwei yenyewe, kama matairi hayajagusa ndani ya theluthi ya kwanza, ghairi.

Kwenye viwanja vichache vya milimani hakuna kughairi ukishavuka sehemu fulani, mbele ni mlima. Huko hauendi peke yako mpaka mtu anayeujua uwanja akupeleke.

Mi ni abiria tu, nimekaa kiti cha mbele kwenye Caravan. Kuna kitu natakiwa kufanya?

Kipo. Pedali zilizo mbele ya miguu yako zimeunganishwa na za rubani, kwaiyo vuta miguu nyuma, na begi la kamera lisikae sakafuni hapo. Usiguse usukani hata kama unasogea wenyewe karibu na mapaja yako. Ndege ikianza kushuka acha kumuongelesha, maswali yote ya mlima ule unaitwaje yatasubiri. Mkanda wa bega ufungwe, sio wa kiunoni peke yake.

Na ule ubishi wa mizigo kilo 15 pale kaunta, naomba tusiubishe. Mzigo mzito ukiwekwa nyuma unapeleka uzito wa ndege mkiani, pua inakuwa nyepesi, na rubani akivuta kidogo tu wakati wa kutua inainuka kupita alivyotaka, na ikistoli kuishusha pua ni kazi ngumu. Ukimficha uzito wa begi umemficha rubani namba anayoihitaji. Uzito wako mwenyewe pia utaje ulivyo, hakuna anayekuhukumu.

Ndege ikiyumba kwenye fainali au ikija imekaa upande hiyo ni kawaida. Ikipanda tena ghafla karibu na ranwei ujue una rubani mzuri, mshukuru mkifika, maana wengi wao wanaogopa mtawacheka au mtalalamika mmechelewa.

Sijaruka miezi miwili, nirudi vipi?

Nenda na mwalimu, hata kama leseni yako inakuruhusu kwenda peke yako. Anzeni juu, futi 3,000 kutoka ardhini au zaidi, ifanye ndege polepole mpaka honi ilie, geuka kulia na kushoto ikiwa inalia, ujisikie jinsi usukani unavyokuwa laini na mwepesi mkononi, hiyo hali ya usukani kulegea ndo unatakiwa kuitambua siku ukiwa chini. Stoli mbili tatu za kunyooka na za kwenye kona. Kisha mzunguko wa uwanja, na katika kutua kwenu kwa kwanza mwalimu aseme ghairi bila kukutaarifu, ukiwa futi 50, na nyingine ukiwa umeshaanza kuinua pua. Fanyeni asubuhi kabla joto halijapanda, alafu mrudi mchana siku nyingine upepo ukiwepo. Macho wakati wa kuinua pua yaangalie mwisho wa ranwei, sio chini ya pua ya ndege, wengi wanaorudi baada ya muda mrefu wanasahau hilo tu na ndege inakita.